Laki sita za Dar, mkononi ni ngapi?

Mdogo wangu, hilo swali lako la kubaki hapa Kigoma kwa laki tisa au kwenda Dar kwa milioni na nusu tusilijibu kwa hisia, tupige hesabu kwanza, maana mi kazi yangu ndo hiyo ya kuandaa mishahara na kila mwezi naona watu wanavyoshtuka wakishika salari slipu ya kwanza.

Anza na laki tisa, tuseme yote ni basiki, yaani mshahara wa msingi, hakuna posho. NSSF, ule mfuko wa pensheni, inaondoka asilimia 10, yaani 90,000, inabaki 810,000 na hapo ndo PAYE, kodi ya mshahara, inapigwa. 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 asilimia 20, mpaka milioni asilimia 25, kwa hiyo unakatwa 80,500. Halafu Bodi ya Mikopo, si umesoma kwa hela yao, asilimia 15 ya basiki, 135,000 hiyo. Unashika 594,500.

Sasa Dar. NSSF 150,000, PAYE inapigwa kwenye 1,350,000 na kila shilingi inayovuka milioni inakatwa asilimia 30, jumla 233,000, Bodi 225,000. Unashika 892,000. Umeona? Zile laki sita za kwenye barua zimekuwa 297,500, nusu imeondoka hata daladala hujapanda. Ila nikuambie ukweli wote, NSSF ni akiba yako na mwajiri naye anaweka ya kwake, na deni la Bodi ukilipa kubwa linaisha mapema, kwa hiyo sio kwamba zote zimepotea, ni kwamba mwezi huu huzili.

Hiyo 297,500 ndo ikulipie maisha ya Dar. Hapa unakaa Gungu kwa mama, hulipi chumba, mawese yapo, dagaa mnashusha Kibirizi, kazini unaenda kwa mguu. Kule mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi kabla hajakupa funguo, halafu nauli ya kwenda na kurudi kila siku kama umepanga mbali na kazi, chakula cha mchana cha kununua, umeme wa LUKU, maji, na mama akiumwa ni safari ya treni kupitia Tabora au basi na ruhusa juu. Mi kwa pesa peke yake nisingehama. Ningehama kama hiyo kazi inakufundisha kitu ambacho huku hukipati, na hilo waulize kabisa kabla hujasaini, uliza pia kama wanatoa nyumba au posho ya nyumba.

Na hiyo habari ya Dubai anayokupigia binamu kila siku kwamba hakuna kodi, ni kweli mshahara wa mtu haukatwi kodi ya mapato kule, na ndo maana inavutia ukilinganisha na Uingereza ambako ukivuka pauni 12,570 kwa mwaka wanaanza na asilimia 20 na bima ya taifa asilimia 8 juu yake. Lakini kwa kawaida mgeni Dubai hana mfuko wa pensheni kama NSSF, anachopata ni kiinua mgongo, siku 21 za basiki kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na lazima uwe umemaliza angalau mwaka mmoja. Sasa ukiletewa mkataba usiangalie jumla ya chini, angalia basiki imeandikwa ngapi, maana kuna waajiri wanaweka basiki ndogo wanajaza posho, na hesabu ya kiinua mgongo posho haimo. Ukiupata nitumie niusome kabla hujaweka sahihi, hata ikiwa usiku we nitumie tu.