Mdogo wangu ameokoka akiwa jela: ni nini huwageuza wafungwa?

DadaWaNyahera

Ndugu wanajukwaa, naomba maoni yenu. Mdogo wangu alihukumiwa kifo mwaka wa 2013 kwa kumuua mtu katika ugomvi wa usiku wa matanga, na mwaka wa 2016 Rais wa Kenya alipobadilisha adhabu za waliokuwa wakisubiri kitanzi, yake ikawa kifungo cha maisha. Alipoingia gerezani hakuwa mtu wa kanisa hata kidogo; marehemu mama alikuwa akimwamsha Jumapili kwa maji baridi, na bado alikuwa haendi. Siku hizi barua zake huanza kwa "Bwana asifiwe" na kuishia kwa Zaburi iliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, anaongoza kwaya, na ana vyeti vinne vya masomo ya Biblia kwa njia ya posta. Katika barua ya mwisho, yenye kurasa sita, alikiri hata kwamba ile baiskeli ya baba iliyopotea nikiwa darasa la saba, ambayo kijana wa jirani alichapwa kwa ajili yake, ni yeye aliyeiuza Kiboswa.

Sasa ameomba mahakama imhukumu upya, na afisa wa probesheni atakuja nyumbani kutuuliza habari zake. Kaka yetu mkubwa anasema kwamba kila mfungwa huokoka jela kama vile kila mgonjwa humkumbuka Mungu wodini, na kwamba siku lango litakapofunguliwa Biblia itabaki palepale mezani kwa askari. Mimi sijui niseme nini. Je, ni nini hasa huwageuza watu hawa?

MzeeWaLanet

Binti yangu, nilivaa sare ya magereza kwa miaka 27, hivyo nitakueleza nilichokiona. Kwanza kuna saa. Wafungwa hufungiwa mabwenini jua likiwa bado juu, na kuanzia hapo hadi asubuhi mtu hana la kufanya ila kuwasikiliza wenzake wakikohoa. Anayeanzisha wimbo saa mbili usiku katika bweni lililojaa pomoni amewapa watu kitu cha kushika. Pili kuna sabuni. Makanisa yanapokuja kuhubiri huleta sabuni, mikate na karatasi za choo, na mfungwa asiyetembelewa na mtu kwao huhesabu siku za wageni hao. Nilimfahamu mmoja aliyekuwa Msabato Jumamosi na Mkatoliki Jumapili, kutegemea ni nani aliyetangaza kuleta mkate, na alisali kwa sauti nzuri katika makanisa yote mawili. Tatu, kijana mgeni akikaa upande wa waumini, wababe wa bweni humpitia mbali kidogo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hoja ya sabuni hailielezi. Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa theluthi moja ya kifungo kwa bidii na mwenendo mwema, lakini waliofungwa maisha hawamo katika hesabu hiyo. Wala hao hawakuwa na tarehe ya kutoka. Lakini katika vituo nilivyofanyia kazi, nguzo za kanisa walikuwa ni hao hao, huku wenye miezi sita wakisinzia wakati wa mahubiri. Mambo yalibadilika baada ya Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliposema kwamba jaji halazimiki kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji, na majuto ya mfungwa pamoja na uwezekano wake wa kurekebika vikawa miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa. Tangu hapo niliona vyeti vikitunzwa ndani ya karatasi za nailoni kama hatimiliki za shamba. Kwa hiyo kaka yako hajakosea kabisa, nami ningependa kujua: mdogo wako alianza lini?

Mwalimu_Kaimosi

Swali la mzee ni zuri, ingawa kuanza kwa ajili ya sabuni hakumzuii mtu kumaliza kwa ajili ya Mungu. Wangapi kati yetu tulianza kanisa kwa sababu ya peremende za shule ya Jumapili?

Mimi ni wa kanisa la Marafiki, yaani Waquaker, na sisi tuna historia katika jambo hili. Gereza la Eastern State, lililofunguliwa Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1829, lilitokana kwa sehemu kubwa na fikra za Waquaker, ambao waliamini kwamba mtu akiwekwa peke yake na Biblia na ukimya, toba itakuja yenyewe. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alilitembelea mwaka wa 1842 akatoka akisema kwamba upweke ule ni mateso ya akili. Ukimya mtupu haukutosha, kwa maana anayegeuka huhitaji watu wa kumsikiliza.

Nadhani hapo ndipo penye kiini. Mtaalamu wa masuala ya uhalifu Shadd Maruna na wenzake, katika utafiti walioutoa mwaka wa 2006 kuhusu wafungwa waliookoka huko Uingereza, walionyesha kwamba imani humpa mfungwa masimulizi mapya ya maisha yake. Jalada la mahakama lina neno moja, nalo ni muuaji. Ushuhuda humruhusu kusema, "Nilikuwa vile, sasa niko hivi," na miaka iliyopotea inapata kazi ndani ya hadithi. Lakini sisi watu wa magharibi mwa Kenya tunaujua ushuhuda na mtego wake: dhambi hunenepeshwa ili wokovu ung'ae, kisha aliyeumizwa hutoweka, akabaki Shetani tu. "Shetani alinitumia" si sawa na "nilimuua." Dada, zisome tena barua zile uone kama marehemu anatajwa kwa jina lake. Na lile la baiskeli usilipuuze, kwa kuwa hakuna mahakama iliyomuuliza habari za baiskeli.

BintiMumias

Nakubaliana na Mwalimu, ila mimi ningetazama zaidi upande wa nje. Nabii Yusuf, ambaye Waislamu na Wakristo wote wanamjua, alikuwa na dini kabla ya kufungwa. Mjomba wangu aliipata humo humo. Gerezani alikuwa muadhini, na sisi tulipopeleka tende wakati wa Ramadhani, wenzake walituelekeza kwake kwa heshima kubwa. Alipotoka, katika msikiti wetu watu walisogeza viatu vyao karibu nao. Baada ya miezi mitatu aliacha kuja, na jamaa wakasema, "Si tulijua." Sidhani kwamba alidanganya, kule alikuwa na cheo na watu, huku hakuwa na chochote. Malcolm X, yule mwanaharakati mweusi wa Marekani, alisilimu gerezani kwa mafundisho ambayo ndugu zake mwenyewe walimpelekea, na alipotoka mwaka wa 1952 alimkuta kaka yake Wilfred huko Detroit, akapata kazi na mahali pa kusali. Tofauti ilianzia hapo.

DadaWaNyahera

Nawashukuru nyote. Mzee, nimeangalia: barua ya kwanza yenye Zaburi ni ya mwaka wa 2014. Mwalimu, marehemu ametajwa kwa jina mara mbili, na katika ukurasa wa nne anauliza kama mama wa marehemu huyo bado anauza omena penye makutano. Shetani naye yumo, siwezi kuficha. Nimemsomea kaka ukurasa huo, akanyamaza, kisha akasema kwamba bado hatalala nyumba moja naye.

Afisa atakuja Alhamisi, na nitamweleza yote mawili, ya barua na ya kaka. Kabla ya hapo nitakwenda kwa yule jirani aliyechapwa, ambaye sasa ni baba wa watoto wanne. Sijui hata kama anaikumbuka baiskeli ile, lakini barua nitaibeba.