Uchungu wa mimba ya kwanza uliochukua muda mrefu: je, ni kweli nilikuwa mvivu wa kusukuma?

Kifungua Mimba

Habari zenu akina mama na wataalamu mliomo humu. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza hivi karibuni, kwa njia ya kawaida, na sote wawili tu wazima. Kinachonisumbua ni jinsi safari yenyewe ilivyokwenda. Uchungu ulinianza usiku kwa kubana kiunoni na kushuka chini ya tumbo, ukija na kuondoka bila mpangilio. Kulipokucha nilipimwa, nikaambiwa mlango wa kizazi umefunguka sentimita 2 tu, nikarudishwa nyumbani bila maelezo. Niliporudi uchungu ulikuwa umekolea, lakini mlango ulikuwa umefika sentimita 4, na hapo maneno yakaanza: eti ninajikaza, eti mwanamke mwenye bidii hufunguka sentimita 1 kila saa. Kusukuma nako kulizidi saa nzima, na muuguzi mmoja akasema mbele ya wenzake kwamba mimi ni mvivu wa kusukuma. Neno hilo linanirudia kila ninapoketi kunyonyesha. Naomba kuelewa: mwili wangu ulikuwa na kasoro, au ndivyo mimba ya kwanza ilivyo?

Mkunga wa Zamu

Hongera sana, mama, na pole kwa maneno uliyoambiwa. Nianze na hiyo sentimita 1 kwa saa. Kipimo hicho kina mizizi katika michoro aliyoichapisha daktari Emanuel Friedman wa Marekani katika miaka ya 1950, kisha kikageuzwa kuwa sheria ya kila leba. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba kwa baadhi ya wanawake kasi hiyo haifikiki, na kwamba kuikosa peke yake si sababu ya kuharakisha uzazi. Mwongozo huohuo unahesabu kuwa uchungu kamili huanza mlango ukifika sentimita 5. Kabla ya hapo ni hatua ya awali, ambayo haina muda maalumu, na inaweza kuchosha kweli.

Katika hatua hiyo kazi kubwa haionekani kwa sentimita. Mlango wa kizazi, ambao miezi yote ulikuwa mrefu na mgumu, hulainika, hufupika na kuwa mwembamba. Kwa mimba ya kwanza mara nyingi hukonda kwanza ndipo ufunguke, ilhali kwa mimba zinazofuata mambo hayo mawili huelekea kwenda pamoja. Misuli ya mfuko wa uzazi hujikaza yenyewe. Hakuna bidii ya mama inayoweza kuuamuru mlango ufunguke. Kuanzia sentimita 5, uzazi wa kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12 hadi mlango ufunguke wote, na kusukuma kwa kawaida humalizika ndani ya saa 3. Saa yako moja na ushee iko ndani kabisa ya mipaka hiyo.

Kurudishwa nyumbani ukiwa na sentimita 2, iwapo mapigo ya mtoto ni mazuri, chupa haijapasuka na hakuna damu inayotoka, si kosa. Kosa ni kukurudisha bila kukueleza dalili za kukurejesha haraka.

Mama wa Watatu

Mdogo wangu, mimi pia uzazi wa kwanza ulinitoa jasho. Nililazwa chali, nikaamriwa nibane pumzi na kusukuma hata pale uchungu ulipokuwa umeachia, na mtoto hakusogea. Zamu ilipobadilika, mkunga aliyeingia alinisaidia kwanza kukojoa, akanilaza ubavu, akaniambia nisubiri mwili wenyewe unitume. Tofauti niliihisi palepale. Kichwa kilipoanza kutokeza nilisikia moto msambani, naye akanizuia kusukuma, akataka nihemehe mdomo wazi ili kitoke taratibu nisichanike sana. Wa pili na wa tatu walikuja upesi, na wala sikuwa nimezidisha bidii.

Msomaji Makini

Ninakubaliana na waliotangulia, ila naomba tusiwafanye wasomaji wajawazito waamini kwamba kila uchungu mrefu ni wa kuvumiliwa. Mtoto akikwama kwenye nyonga na msaada ukachelewa, mama anaweza kupata fistula (tundu linalomfanya avujwe na mkojo au kinyesi), maambukizi, hata mfuko wa uzazi kupasuka. Mwenye damu nyingi, maji ya kijani, homa, kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu, au mtoto aliyepunguza kucheza, asikae nyumbani akihesabu saa.

Mkunga wa Zamu

Umesema kweli, na ndiyo maana tunapima mapigo ya mtoto na maendeleo ya leba badala ya kubahatisha. Kifungua Mimba, muulize aliyekuzalisha mtoto alikuwa amelalaje. Kisogo cha mtoto kikielekea mgongo wa mama, maumivu hukaa zaidi kiunoni na leba hurefuka, kwa kuwa kichwa kina mzunguko mkubwa zaidi wa kufanya. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwako, ila kumbukumbu zako zinaweza kuonyesha. Halafu, huzuni na machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupungua. Zikipita wiki mbili bado neno lile linakukosesha usingizi hata mtoto akiwa amelala, mweleze mhudumu wa kliniki bila kuona haya, kwa sababu hali hiyo inatibika.

Kifungua Mimba

Nawashukuru nyote, hasa kwa hilo la kisogo, kwani maumivu yangu karibu yote yalikuwa kiunoni na hakuna aliyeniuliza. Usingizi ninaupata mtoto anaponiruhusu. Nitakwenda kliniki kwa ajili ya chanjo yake na nitaomba nisomewe kumbukumbu zangu za leba. Nikiwa huko nitaonyesha pia mshono, maana upande mmoja bado unavuta ninapoinuka.

Mkunga wa Zamu

Kuvuta kidogo si ajabu. Ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe unaoongezeka au ukipata homa, usisubiri siku ya chanjo.