Mume kaitwa umisionari Msumbiji, anataka tuuze nyumba ya kihambani. Nishaurini

mama_kihambani:
Bwana Yesu asifiwe, na wengine habari za jioni.

Mume wangu ni mwinjilisti. Kanisa limemwomba aende Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, na nimekubali kwenda naye. Nililiombea jambo hili hata kabla hajanieleza. Kinachonitesa ni nyumba. Tuko Machame, Kilimanjaro, kwenye kihamba (shamba la ukoo lenye makazi) alichoachiwa na baba yake kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Tumejenga kidogo kidogo kila msimu wa kahawa, bati la mwisho limepigwa mwaka jana. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yanapita nyuma ya jiko. Wakwe zangu wamelala hapo chini ya migomba.

Mume anasema tuuze, pesa itusaidie kuanza huko, na kwamba tukiibakiza mioyo yetu itabaki nayo. Kuna mtu wa mjini ameshakuja kuangalia. Mimi nikifagia uwanja asubuhi machozi yananitoka. Sijui ni imani haba au kuna kitu Mungu ananionyesha. Nishaurini, ila msinitukanie mume.

shujaa_wa_imani:
Dada, Marko 10:29 imetaja kuacha nyumba na mashamba waziwazi. Barnaba aliuza shamba akaweka fedha miguuni pa mitume. Wamisionari wa Kilutheri waliokuja hapo Kilimanjaro mwaka 1893 waliacha kwao Ulaya, na wenzao wawili wakauawa Akeri, Meru, 1896. Uzeni muende.

mzee_wa_zamu:
Mkuu, soma na Marko 1 basi. Simoni anaacha nyavu, mistari michache mbele wanaingia nyumbani kwa Simoni na Andrea, mama mkwe anawahudumia. Nyumba ilikuwepo! Na Yeremia je? Yerusalemu imezingirwa, Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake huko Anathothi, akalipa shekeli 17. Barnaba aliuza kwa hiari yake. Usimpandishie mtu Barnaba kwenye kihamba chake.

wakili_wa_mtaani:
Nitasema la sheria tu, la roho nawaachia nyie. Hiyo ni nyumba ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuuza, kukodisha wala kuweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji nayo lazima ihusishwe. Dada, sahihi yako ina uzito, usiitoe huku unalia.

mangi_wa_kariakoo:
Makaburi ya wazee mnamuuzia mtu baki? Ukoo unajua? Yale masale, mimea yetu ya mila, ya mpakani hayakupandwa kwa ajili ya urembo. Na Desemba mtafikia wapi, gesti?

mama_kihambani:
Mangi umenichekesha. Shemeji mkubwa hajaambiwa chochote.

tulitumwa:
Mimi na mke wangu tumetumika Niassa, na kabla ya kwenda tuliuza kila kitu. Likizo ya kwanza tulilala sebuleni kwa shemeji pamoja na watoto. Hakuna aliyetusema vibaya, ila wiki ya pili unaanza kusikia sufuria zikiwekwa chini kwa nguvu. Kazi ile inachosha, mtu anahitaji pa kurudi.

Pesa ya kuanzia isitoke kwenye kihamba. Waliowatuma waandike barua: posho, matibabu, ada za watoto, likizo. Msivuke mpaka pale Mkenda bila hiyo barua. Halafu bebeni masweta, Lichinga, mji mkuu wa Niassa, iko juu na baridi yake mtaijua. Kiswahili kitawafaa jirani na mto Ruvuma, huko ndani ni Kiyao na Kireno. Wenyeji wengi ni Waislamu, kwa hiyo mtakaa kama majirani muda mrefu kabla hamjahubiri neno.

Kuhusu moyo kubaki: utabaki tu, hata mkiuza. Wa mke wangu bado uko Mbozi.

mama_kihambani:
Asanteni. Nimemsomea mume hayo ya Simoni, akanyamaza, kisha akaomba nimsomee tena. Jumapili tunakwenda kwa kaka yake. Tunafikiria mtoto wa kaka akae pale, atunze kahawa na achukue mavuno. Mtu wa mjini tumemwambia asubiri, ingawa mume bado hajasema hapana moja kwa moja. Machozi ya asubuhi yapo palepale, nimeacha kuyapigania.

Swali jingine: nani anamfahamu mwalimu wa Kireno hapa Moshi, anayefundisha jioni?