Mjadala: Tupewe ruzuku ya kujenga nyumba isiyokula umeme hapa Dodoma, au ni kuwaongezea wenye nacho?

Mwanzisha mada (Nzuguni): Mbukwenyi wadau. Nimehamia kwangu mwaka jana, ramani nilipewa na rafiki yangu wa Dar, ile kontempo, paa limefichwa, bati halijatokeza hata kidogo nje ya ukuta, sebule ina vioo vikubwa vinatazama magharibi na nilivipenda kweli. Ikafika Oktoba. Kuanzia saa 8 mchana mpaka usiku ukuta unatema joto kama jiko la mkaa, watoto wakahamia kulala barazani, nikaweka AC. Ile inakula kama uniti 1 kwa saa, masaa 8 ni uniti 8, na elfu 10 yako inakupa uniti 28, kwaiyo siku tatu na nusu imeisha.

Wenzetu Marekani aliyeweka sola nyumbani alikuwa anapunguziwa kodi kwa asilimia 30 ya gharama. Uingereza ukitoa boila ya gesi ukaweka pampu ya joto, yani mashine ya umeme ya kupasha nyumba, serikali inakuchangia pauni 7,500. Na sisi ruzuku sio kitu kigeni, mbolea ipo, mtungi wa gesi wa kilo 6 REA (wakala wa nishati vijijini) wameuza nusu bei. Kwanini nyumba iachwe? Ila msimamo wangu isiwe ya AC wala sola, iende kwenye ramani. Ukileta ramani inayojua jua la Dodoma, yani kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, madirisha yanapitisha upepo, upunguziwe ada ya kibali cha ujenzi.

Mpinga ruzuku: Mkuu hiyo ya Marekani wameshaifuta, mwisho ilikuwa Disemba 2025. Halafu niambie, mama anayeuza uji pale Majengo achangie kodi yake kwa sababu wewe ulipenda vioo? Ruzuku mbona ipo, mteja wa uniti 75 kwa mwezi kushuka chini bei yake ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya VAT na tozo, wewe wa AC ni 292. Jenga nyumba isiyohitaji AC ubaki kwenye 75, hapo umejilipa mwenyewe.

Fundi: Mi ndo naepaua hizo nyumba. Mteja anakuja na picha kwenye simu. Ukimwambia tutokeze bati futi mbili na nusu anasema itaonekana ya kizamani, ukimwambia tuweke foili ya kuzuia joto chini ya bati anauliza nani ataiona, hela yote imeenda kwenye jipsamu na vitaa vya rangi. Ila kuna kitu mnakiruka. Kiwanja kikipimwa barabara iko magharibi, sebule inageuzwa magharibi, hakuna mtu atajenga ameipa barabara mgongo. Na jua la saa 10 linaingia kwa ubavu, hata bati litokeze vipi haliliwezi. Waanze na wapima viwanja.

Mpangaji (Ilazo): Sisi wapangaji je? Ruzuku achukue baba mwenye nyumba, LUKU nanunua mimi, na kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU ninayonunua mimi. Yeye foili ya nini, joto halali nalo.

Mzee wa Mvumi: Wajukuu zangu, tembe la babu yenu lilikuwa na ukuta mnene na udongo juu ya miti, mchana wa kiangazi unaingia ndani unapoa. Mlilicheka. Leo mnataka mlipwe ili mkumbuke.

Fundi: Shikamoo mzee. Ukuta mnene nakubali, hata leo ukilaza tofali badala ya kusimamisha tofauti unaisikia, ila tofali na saruji zinaongezeka na mteja anakimbia. Tembe lenyewe lilikuwa giza mchana kweupe na mvua ikikaza linavuja, tusidanganyane.

Mwanzisha mada: Shikamoo mzee na mimi, haha. Sikiliza, nimesogea kidogo. Ada ya kibali kweli sio hela ya kumfanya mtu aliyejipanga kwa mamilioni abadilishe ramani. Bora jiji liwe na ramani zake tatu nne za bure zilizochorwa kwa ajili ya hapa, kila moja na toleo la kiwanja cha barabara magharibi, ukienda kuomba kibali unapewa. Mi ningepewa ile ningeichukua, sikuwa na hela ya mchoraji ndo maana nikaomba ya rafiki.

Mpinga ruzuku: Hiyo naunga mkono. Hiyo sio ruzuku lakini.

Mwanzisha mada: Iite unavyotaka. Fundi, nyumba yangu sasa inafanyiwaje?

Fundi: Panda mwarobaini upande wa magharibi, uuache mbali kidogo na ukuta sababu ya mizizi. Na uje tupunguze hivyo vioo.

Mwanzisha mada: Mwarobaini sawa. Vioo mama watoto hataki kusikia.