Halfkeki zimegeuka mawe: kikombe cha unga ni gramu ngapi?

MamaHalfkeki: Habari zenu wadau. Niko Nkuhungu, Dodoma, nauza halfkeki asubuhi. Mteja kaniletea mapishi ya gramu: ngano 500. Mizani sina. Najua kikombe ni gramu 125, nikapima vinne. Jamani, ukigonga moja mezani inalia kama kokoto! Jumapili nikajitia ujuzi, nikatoa kikombe kimoja cha ngano nikaweka cha uwele niliotumiwa kutoka Kongwa. Hizo zikamegekea kwenye mafuta. Nakosea wapi?

FundiOveni: Pole dada. Unga unauchotaje?

MamaHalfkeki: Nazamisha kikombe kwenye ndoo, nakigongesha ukutani mwa ndoo kijae vizuri.

FundiOveni: Basi tumempata mchawi. Hiyo 125 ni ya unga uliopukutwa kwa kijiko ndani ya kikombe cha kupimia, kile cha mililita 240 au 250, kisha ukasawazishwa kwa mgongo wa kisu bila kushindilia. Ukizamisha na kugongesha, kikombe kilekile kinavuka 140 kirahisi. Na kama ni cha chai, ndio kabisa, kila nyumba ina chake. Fanya hivi: nunua pakiti ya ngano ya kilo moja, imwage kwenye beseni, uihesabu yote kwa kikombe chako. Gawa 1000 kwa idadi ya vikombe. Hiyo ndiyo gramu ya kikombe chako na mkono wako.

Mjukuu_wa_Bahi: Hesabu hiyo isivuke kwenda kwenye unga mwingine lakini. Wa mchele ni mzito, kikombe kinafika hata 160. Mama yangu alipima vitumbua kwa kipimo cha ngano, unga ukazidi, tukala matofali ya kukaanga. Uwele nao hauna gluteni, ile inayofanya donge livutike, ndiyo maana zako zimemegeka. Kwenye gramu 500 mimi naweka uwele 100, ngano 400, sizidishi. Na wa mashine uchekeche kwanza, una chenga.

MamaHalfkeki: Nimerudi na aibu yangu. Pakiti ya kilo: kwa mtindo wangu wa kugongesha, vikombe sita na nusu. Kwa kijiko, vinane kamili! Yaani vinne vyangu vilikuwa kama gramu 615, nazidisha karibu robo, halafu namlaumu muuza baking'i pauda. Leo nimepima kwa kijiko, zimepasuka juu vizuri, ndani laini, saa mbili na nusu zimeisha. Uwele bado. Kesho naazima mizani ya jirani anayeuza karanga, nipime hizo 100.

FundiOveni: Beseni liweke kwanza, uirudishe mizani isome sifuri, ndio umwage unga. Usije ukapima beseni.