Odoo (programu ya biashara na uhasibu): kese ya dola na ya franka hazikubaliani, kosa liko wapi?

Swali (Lubumbashi): Wandugu, duka la vifaa vya ujenzi, mauzo nusu dola, nusu franka. Jurnali ya kese (daftari la fedha taslimu ndani ya programu) ni moja tu. Jioni makuta yaliyo mkononi hayalingani na programu. Turekebishe nini?

Jibu 1: Jurnali moja ndiyo kosa lenyewe. Fungua mbili: moja ya akaunti 5711 kwa franka, nyingine ya akaunti 5712 kwa dola, na hii ya pili uiwekee USD ndani ya jurnali. Kisha ingiza kiwango cha dola kila asubuhi kabla ya fakture ya kwanza. Siku isiyo na kiwango, Odoo inachukua cha mwisho kilichotangulia, bila kukuonya. Hapo ndipo tofauti inazaliwa.

Mkivunja dola kupata franka, msiandike kama mauzo! Zitoke 5712 ziingie 585, akaunti ya kupitishia fedha kati ya kese, kisha zitoke 585 ziingie 5711.

Jibu 2: Naongeza. Fakture ya dola 100 kwa kiwango cha 2.800 ni franka 280.000. Mteja akilipa kiwango kikiwa 2.850, ni 285.000. Zile 5.000 ni faida ya kubadilisha fedha: akaunti 756, hasara ingekuwa 656. Wengi wanaweka 776. Hiyo ni ya shughuli za kifedha, si za wateja. Odoo huiandika yenyewe malipo yakiunganishwa na fakture, basi panga akaunti hizo mapema.

Aliyeuliza: Aksanti sana. Fakture za zamani ambazo hazijalipwa?

Jibu 1: Ziache na kiwango cha siku yake.