Yule muuza sabufa wa Kariakoo amenidhalilisha mbele za watu!

Wakuu, nimetoka Kariakoo sasa hivi, mikono bado inatetemeka kwa hasira. Yule jamaa mnamjua, yule anayekuita "bosi" huku anakukamua. Nimempelekea spika za marehemu mzee, za Mjapani, mbao tupu, anitafutie waya. Akaigeuza moja, akasoma mgongoni kwa sauti ya mnadani: "Wati 40! Feni langu la mezani lina 50!" Duka zima kicheko. Mpaka mpita njia mwenye trei za mayai alisimama acheke vizuri.

Feni! Spika ya mzee wangu inapimwa na feni!

Hizo 40 ni mzigo ambao koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, inaubeba bila kuungua. Spika haizalishi wati, inaletewa na amplifaya. Yangu ukiipa wati 1 tu, umbali wa mita 1 inatoa sauti ya desibeli 92. Spika ya desibeli 86 lazima uipe mara nne ndipo zilingane. Na lile sabufa lake la "3000 PMPO", zile wati za kuvutia wateja, soma nyuma linavuta wati ngapi kwenye soketi: 60! Zilizobaki anapewa na mganga? Marekani waliweka kanuni ya kutangaza wati za amplifaya tangu 1974, kwa sababu ya watu wa aina yake. Halafu ananiambia feni!

Mzee wa Santuri: Pole mkuu. Mimi aliniapia sabufa lake linapasua vioo. Nimefika nalo Tabata, halijapasua hata usingizi wa mtoto.

Kijana wa Ilala: Lakini feni si kweli lina 50? 😂😂

Mleta uzi: Wewe ndiye wa mayai!

Fundi Koili: Mkuu, angalia twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Amplifaya ndogo ukiikaza mpaka ikwaruze inaziunguza vilevile, si kubwa peke yake.

Mama Sinza: Msinitajie kukaza. Kuna baa nyuma ya ukuta wangu, saa tisa usiku vyombo vinacheza kabatini.

Mzee wa Santuri: Afadhali baa ina mlango. Kule Mbagala ni vigodoro, zile ngoma za kukesha mtaani, mtaa unafungwa, hata bodaboda haipiti.

Kijana wa Ilala: Mama Sinza, hiyo baa kiingilio bei gani?